Mara Ngapi, Dakika Ngapi: Mwongozo Kamili wa Kuogelea kwa Mtu Mzima Mwenye Shughuli Nyingi

Kwa muda mrefu niliogelea mara moja tu kwa wiki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, dakika 90 bila kukatisha, nikiamini kwamba siku hiyo moja ingefidia siku sita za ukavu. Haikufidia. Robo saa ya kwanza iliisha nikitafuta upya namna ya kulala juu ya maji, nusu saa ya mwisho mikono ilikuwa imechoka na mtindo umeharibika, na mabega yaliniuma hadi Jumatatu. Nilipozigawa dakika zilezile 90 katika siku tatu za nusu saa, mambo yalibadilika ndani ya miezi miwili. Nilianza kuvuka bwawa kwa mikono michache zaidi, yaani kwa kuizungusha mara chache, pumzi ikatulia, na mabega yakaacha kulalamika.

Kwa hiyo nitasema mapema ninachokiamini. Kwa mtu mwenye kazi, familia na majukumu, idadi ya mara unazoingia majini kwa wiki huja kwanza, na urefu wa kila mara huja baadaye. Hata hivyo kila safari ya bwawani ina gharama yake ya muda, na anayekushauri uogelee kila siku bila kuihesabu gharama hiyo hajakusaidia. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kupatanisha mambo hayo mawili.

Nimeandika kwa ajili ya mtu anayeweza kuvuka bwawa la mita 25 bila msaada, hata kama anafika ng'ambo akihema. Ikiwa bado hujaweza, tafuta mwalimu kwanza, mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30 kila mara. Masomo mafupi ya karibu karibu hufundisha kuogelea upesi kuliko somo moja refu la mwisho wa wiki. Na ukiwa na ugonjwa wa moyo, kifafa, pumu isiyodhibitiwa au ujauzito, zungumza na daktari kabla ya kuanza.

Kwa nini maji yanadai kurudiwa mara kwa mara

Mkimbiaji akikaa siku nane bila kukimbia, miguu yake bado inajua kukimbia, kwa sababu anatembea kila siku. Muogeleaji hana mazoezi ya aina hiyo nje ya bwawa. Hakuna kazi nyingine ya kila siku inayomtaka alale kifudifudi, atoe pumzi akiwa chini na kuvuta hewa kwa upande. Ndiyo maana mwili husahau maji upesi. Waogeleaji wazoefu huita jambo hili kuyashika maji, yaani ile hali ambapo kiganja na sehemu ya mkono chini ya kiwiko vinapata kitu cha kuegemea badala ya kuteleza. Ukikaa wiki nzima bila kuogelea, hali hiyo ndiyo ya kwanza kupotea, hata kabla ya stamina.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na upinzani wake huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukijaribu kwenda kwa kasi maradufu, maji yanakuzuia kwa nguvu mara nne. Hivyo mtu ambaye miguu yake inazama nyuma anatumia nguvu nyingi kuburuta mwili wake, na kuongeza dakika hakutamsaidia sana, maana anaongeza dakika za kuburuta. Mtindo ndio unaomsaidia, na mtindo hujengwa kwa kurudiarudia mwili ukiwa bado haujachoka. Dakika 20 za kwanza za kila kipindi huwa ndizo zenye mafunzo mengi. Ukienda mara tatu kwa wiki unazipata dakika hizo mara tatu.

Hatua ya 1: Hesabu muda wa mlango hadi mlango

Chukua karatasi. Andika dakika za kwenda bwawani, kubadili nguo na kuoga kabla, kuoga baada, kukausha nywele, kuvaa na kurudi. Usizipunguze ili kujifurahisha. Tuseme jumla ni dakika 55. Maana yake nusu saa ya majini inakugharimu dakika 85, na saa nzima ya majini inakugharimu dakika 115.

Sasa linganisha. Ukienda mara tatu kwa nusu saa, unatumia dakika 255 za wiki yako na kupata dakika 90 za kuogelea. Ukienda mara mbili kwa saa moja moja, unatumia dakika 230 na kupata dakika 120. Ukiangalia saa peke yake, vipindi virefu vinaonekana kushinda, na hapo ndipo watu wengi huchagua Jumamosi ndefu kama nilivyofanya mimi.

Lakini angalia kinachotokea ukipunguza gharama ya safari. Kama bwawa liko njiani kwenda kazini, ukafika ukiwa tayari umevaa vazi la kuogelea ndani ya nguo zako, na mkoba ulioufunga usiku uliopita, gharama hiyo inaweza kushuka hadi dakika 25. Mara tatu za nusu saa sasa zinachukua dakika 165 tu. Umeokoa saa moja na nusu kwa wiki bila kupunguza hata dakika moja ya maji. Kabla hujafikiria kufupisha mazoezi, fupisha yanayoyazunguka: bwawa la karibu hata kama si zuri kupita yote, mkoba usiofunguliwa ila kwa kuanika nguo, taulo linalokauka haraka, saa za bwawa zisizo na msongamano. Dakika 25 katika njia ya bwawa isiyo na watu zina faida kuliko dakika 45 za kumkwepa kila mtu.

Ukishapata namba yako, kipimo changu ni hiki:

- Gharama ya safari ikiwa chini ya dakika 30, lenga mara nne fupi.
- Ikiwa kati ya dakika 30 na 60, lenga mara tatu: mbili fupi na moja ndefu.
- Ikizidi saa moja, lenga mara mbili ndefu kiasi, kisha fanya nyumbani mazoezi ya mabega na kiuno kwa kamba ya mpira mara mbili kwa dakika 15.

Hatua ya 2: Chagua idadi ya mara, ujue inakupa nini

Mara moja kwa wiki inakufanya usisahau kabisa. Inafurahisha na kupumzisha akili, lakini usitarajie maendeleo makubwa. Ikiwa ndiyo nafasi pekee uliyo nayo, itumie kwa mtindo na mwendo wa kati, usijaribu kubana mazoezi ya wiki nzima ndani ya asubuhi moja.

Mara mbili hutosha kudumisha ulichonacho, na anayeanza ataendelea mbele polepole. Zitenganishe: Jumatatu na Alhamisi ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili.

Mara tatu ndipo mabadiliko yanapoonekana. Hakuna pengo linalozidi siku mbili au tatu, mwili unapata muda wa kupona, na wiki bado ina siku nne za mambo mengine. Mtu mzima akiniuliza aanzie wapi, jibu langu ni hili.

Mara nne au tano zinafaa kwa anayejiandaa kwa mashindano au kuogelea ziwani na baharini, ama kwa mwenye bwawa mlangoni pake. Ukifika hapa lazima vipindi vingine viwe vyepesi kwelikweli. Mabega ya mtu wa miaka 45 aliyekaa mezani siku nzima hayaponi kama ya kijana wa miaka 16.

Kuhusu afya kwa jumla, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa hayo mawili, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mara tatu za kuogelea kwa bidii huku nusu saa moja ikiwa ya makali hukufikisha au kukukaribisha hapo. Kilichobaki kijaze kwa kutembea kwa kasi na kubeba uzito, kwa sababu ya mifupa: maji yanabeba mwili wako, hivyo kuogelea hakuipi mifupa mzigo wa kuiimarisha kama kutembea, kuruka au kunyanyua vitu kunavyofanya. Wanawake waliokaribia au kupita ukomo wa hedhi wasilipuuze hili.

Hatua ya 3: Pima mwendo wako kabla ya kupanga dakika

Bila kujua mwendo wako huwezi kujua dakika 30 zitabeba mita ngapi. Kipimo kinachofaa zaidi kwa mtu mwenye nafasi ndogo hufanyika katika kipindi kimoja. Pasha mwili moto kwa mita 200 hadi 300. Kisha ogelea mita 400 kwa kasi unayoweza kuidumisha hadi mwisho, uandike muda. Pumzika kwa kuogelea taratibu dakika 8 hadi 10. Halafu ogelea mita 200 kwa bidii, uandike muda tena.

Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, kisha gawa kwa mbili. Jibu ndilo mwendo wako wa mita 100, ule unaoweza kuushikilia kwa muda mrefu bila kuvunjika. Kwa mfano, mita 400 zikikuchukua dakika 10 na mita 200 zikikuchukua dakika 4 na sekunde 40, tofauti ni dakika 5 na sekunde 20. Gawa kwa mbili: dakika 2 na sekunde 40 kwa kila mita 100. Nitautumia mwendo huu katika mifano yote inayofuata. Wewe weka wako.

Kama mita 400 bado ni mlima kwako, acha kipimo hiki kwa sasa. Hesabu mikono unayopiga kuvuka bwawa mara moja na ujiulize unavyohema ukifika. Hizo mbili zinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Neno moja kuhusu saa zinazopima mapigo ya moyo. Mwili ukiwa umelala na kubanwa na maji, moyo hupiga mara chache kuliko nchi kavu kwa juhudi ileile, mara nyingi kwa takriban mapigo 10 kwa dakika. Namba ulizozoea kwenye kukimbia zitakudanganya. Afadhali kipimo cha maneno: ukifika ukingoni ukaweza kusema sentensi nzima, ni mwendo mwepesi, ukisema maneno matatu manne, ni wa kati, neno moja tu likitoka, ni mkali.

Hatua ya 4: Kipe kila kipindi kazi moja

Hapa ndipo wengi hupoteza dakika zao. Wanaingia majini, wanakwenda na kurudi kwa mwendo uleule hadi saa iishe, na wiki ijayo wanarudia. Wengine wanataka kasi, masafa na mtindo katika nusu saa moja. Mshika mawili moja humponyoka, na anayeshika matatu ndani ya dakika 30 atatoka mikono mitupu. Kila kipindi kipe kazi moja, na vipindi vitatu vya wiki vitakamilishana.

Kipindi cha kwanza ni cha mtindo, karibu dakika 27, mita 800. Anza na mita 200 taratibu. Kisha mita 25 mara nane za mazoezi ya mbinu, ukipumzika sekunde 15 kila mara. Mbili za kwanza nyosha mkono mmoja mbele na kuvuta kwa mwingine. Mbili zinazofuata ngoja mkono wa nyuma ufike mbele kabla ya kuanza kuvuta. Mbili nyingine kunja ngumi, uogelee bila viganja. Mbili za mwisho fungua viganja, uogelee kawaida. Ngumi huwashangaza wengi: ukishanyimwa viganja kwa mita 50, ukivifungua unahisi maji yamekuwa kitu kizito cha kushika. Baada ya hapo ogelea mita 50 mara sita kwa mtindo huru (kifudifudi, ukizungusha mikono kwa zamu), mapumziko sekunde 20, ukihesabu mikono. Watu wazima wengi wanaoanza hupiga zaidi ya 20 kuvuka mita 25. Jaribu kupunguza mmoja bila kupunguza kasi. Maliza kwa mita 100 za mgongo, yaani ukiogelea chali.

Kipindi cha pili ni cha bidii, karibu dakika 40, mita 1300. Mita 200 taratibu, halafu mita 50 mara nne, kila moja ikiwa na kasi kidogo kuliko iliyotangulia. Kazi yenyewe ni mita 100 mara nane kwa mwendo uliopima, ukipumzika sekunde 20 ukingoni. Kwa mfano wetu kila 100 itachukua dakika 2 na sekunde 40. Ya kwanza itaonekana nyepesi mno, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ukiona ya sita imepita muda kwa zaidi ya sekunde tano, ulianza kwa pupa. Pumzika sekunde 40 na umalize mbili zilizobaki kwa utulivu. Malizia mita 100 nyepesi. Siku yenye haraka, fanya tano badala ya nane, na kipindi kizima kinarudi kwenye nusu saa. Usikate mita za kupasha mwili moto: mabega yaliyotoka kwenye kiti cha ofisi hayako tayari kuvuta kwa nguvu.

Kipindi cha tatu ni cha masafa, karibu dakika 50, mita 1600. Baada ya mita 200 za kupasha mwili, ogelea mita 400 mara tatu kwa mwendo wa polepole kuliko uliopima kwa sekunde 10 kwa kila 100, ukipumzika sekunde 45 kati yake. Kisha mita 50 mara nne, ukibadilishana mgongo na chura (mtindo wa kusukuma maji kwa mikono na miguu kama chura), kuyapa mabega pumziko. Hiki ndicho kipindi cha mwisho wa wiki au cha siku usiyo na mkutano mapema.

Jumla ya wiki ni mita 3700, chini kidogo ya saa mbili majini. Kwa mtu mzima mwenye shughuli huo ni mzigo wa kuheshimika. Anayeanza apunguze kila kipindi kwa theluthi au nusu, lakini asipunguze idadi ya vipindi.

Nami nakuomba sana usitumie mapezi ya kuvaa miguuni na viganja vya plastiki vya kuvaa mikononi kuficha udhaifu ili umalize mita zilizopangwa. Mapezi ni mazuri kwa mita 100 au 200 za kujifunza mkao. Viganja vya plastiki vinaongeza mzigo begani, na bega ndilo kiungo tunachopaswa kukilinda kuliko vyote.

Hatua ya 5: Weka vipindi kwenye wiki, si kwenye nia

"Nitakwenda nikipata nafasi" ni mpango ambao sijauona ukifanikiwa kwa mtu yeyote mwenye kazi. Andika siku na saa kama unavyoandika miadi ya daktari, na uwaambie wa nyumbani mwako. Jumanne mtindo, Alhamisi bidii, Jumamosi masafa: mpangilio huu unaacha siku moja kati ya kila kipindi na siku mbili kabla ya kurudi mwanzo. Kama unanyanyua vyuma pia, usifanye mazoezi mazito ya mabega usiku wa kuamkia siku ya bidii.

Asubuhi ndiyo salama zaidi kwa ratiba, kwa sababu siku bado haijapata muda wa kukuvuruga. Inadai ulale mapema, na asiyeweza kulala mapema atakuja kuichukia ndani ya wiki tatu. Mchana panafaa kipindi cha mtindo pekee, kwa kuwa hakikuchoshi. Jioni mwili umechangamka na watu wengi huogelea vizuri wakati huo, lakini kipindi cha bidii kikiisha saa tatu usiku, baadhi yetu usingizi unagoma hadi usiku wa manane. Hapo kipeleke kipindi hicho siku nyingine, na jioni ibaki ya mwendo mwepesi. Mlo mzito upishe saa mbili hivi kabla ya kuingia. Kunywa maji pia, maana unatoka jasho bwawani bila kuliona.

Hatua ya 6: Ongeza kimoja kwa wakati mmoja

Baada ya zile wiki 12 za kwanza nilizozipanga mwishoni, utaratibu wangu wa kuongeza ni huu: kwanza mara, pili mita, mwisho kasi. Usihamie ngazi ya pili kabla ya ngazi ya kwanza kukaa wiki nne bila kuvunjika. Ukishazoea mara tatu, ongeza mita 200 kwa wiki nzima (si kwa kila kipindi), wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne punguza mita kwa theluthi, uache mwili ujenge. Ukiona una nafasi ya mara ya nne, iwe nakala fupi ya kipindi cha mtindo.

Sababu ya tahadhari hii ni hesabu rahisi. Mita 1600 katika bwawa la mita 25 ni kulivuka mara 64. Ukipiga mikono 22 kila unapovuka, umeuzungusha mkono zaidi ya mara 1400, takriban mara 700 kwa kila bega, katika kipindi kimoja. Kosa dogo la mkono kuvuka katikati ya mwili mbele ya kichwa linarudiwa mara 700. Watu hupandisha mita haraka kwa sababu moyo na mapafu huimarika upesi na wanajisikia vizuri, huku kano za bega zikiwa bado zinafuata nyuma kwa mwendo wao wa pole.

Maumivu ya misuli yanayosambaa na kuisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya ncha, sehemu moja ya mbele au juu ya bega, yanayotokea kila unapoinua mkono au yanayokuamsha ukilalia ubavu huo, si ya kuvumilia. Acha mtindo huru na kipepeo (ule wa kurusha mikono yote miwili pamoja), piga miguu na ubao ulioushika karibu na kifua au ogelea chura kama hauumi, na yakifika wiki mbili nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Hatua ya 7: Panga mapema kwa wiki itakayoharibika

Itaharibika. Mtoto ataugua, hesabu za mwisho wa mwezi zitakuja, utasafiri. Wanaodumu katika kuogelea si wale wasiopatwa na wiki kama hizo, bali wale walioamua mapema watafanya nini zikija.

Kuna utafiti unaonipa moyo hapa. Katika miaka ya 1980 mtafiti Robert Hickson na wenzake nchini Marekani waliwafanyisha watu mazoezi makali ya baiskeli na mbio, dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 10. Kisha wakapunguza. Waliopunguziwa siku hadi nne au hata mbili kwa wiki, huku ukali na dakika za kila siku zikibaki vilevile, walihifadhi uwezo wa juu wa kutumia oksijeni kwa wiki 15 zilizofuata. Waliopunguziwa dakika hadi 26 au hata 13, bila kupunguza ukali, nao waliuhifadhi, ingawa waliobaki na dakika 13 walipoteza sehemu ya ustahimilivu wa muda mrefu. Ni ukali ulipopunguzwa ndipo uwezo uliposhuka. Mtindo wa majini una sheria zake, kama nilivyoeleza, lakini kwa upande wa moyo na mapafu fundisho liko wazi: wiki ikikubana, kata siku au kata dakika, ila bidii iliyobaki iwe ya kweli.

Kwa hiyo weka tayari kipindi cha dharura cha dakika 20: mita 150 za kupasha mwili, mita 50 mara sita kwa mwendo mkali kuliko uliopima ukipumzika sekunde 20, mita 100 za kutuliza. Ni mita 550 tu. Wiki mbaya yenye vipindi viwili vya namna hii haijapotea.

Usijaribu kulipa madeni. Kipindi kilichokosekana Jumanne kimekwenda. Ukikibandika juu ya kile cha Alhamisi, bega ndilo litakalolipa.

Ukiwa umekaa wiki moja bila maji, rudi na kipindi cha mtindo kisha endelea ulipoishia. Wiki mbili au tatu, anza na theluthi mbili ya mita zako kwa wiki nzima. Mwezi au zaidi, rudi kwenye nusu, na uupime upya mwendo wako baada ya wiki tatu, kwa sababu ule wa zamani utakusukuma kuliko unavyopaswa. Mafua yaliyoishia puani huruhusu mazoezi mepesi. Homa au kikohozi cha kifuani, kaa nyumbani. Ukiharisha usiingie bwawani hata kama unajisikia na nguvu, kwa ajili ya wenzako.

Dalili kwamba uwiano umekosewa

Vipindi vinapokuwa vingi au virefu kupita uwezo wako, dalili huja kabla ya majeraha. Mapigo ya moyo ukiamka yanapanda kuliko kawaida yako siku tatu nne mfululizo. Usingizi unakatika. Mikono ya kuvuka bwawa inaongezeka, kutoka 20 hadi 23, kwa mwendo uleule. Unaanza kutamani bwawa lifungwe. Ukiona mbili kati ya hizi, kata mita kwa nusu kwa wiki moja, lakini endelea kwenda siku zako zote. Nenda hata kwa robo saa ya kuelea na kupiga miguu.

Upande wa pili pia una dalili. Kama miezi miwili imepita, muda wa mita 100 haujasogea hata sekunde, na hutoki majini ukiwa umechoka, huhitaji dakika zaidi. Kwanza angalia kama kipindi chako cha bidii kina bidii kweli.

Kabla ya kuingia majini

Usiogelee peke yako mahali pasipo na mwokoaji, hata kama ni dakika 15 za kuwahi. Usishindane kukaa chini ya maji kwa pumzi moja, na hasa usihemeheme haraka haraka kabla ya kuzama: kunaondoa hewa ya ukaa inayoupa mwili ishara ya kutaka kupumua, na mtu anaweza kuzimia chini ya maji bila kuhisi hatari. Radi ikisikika, toka. Uharaka wa mtu mwenye shughuli ndio unaomfanya apuuze mambo haya, na ndiyo maana nimeyaandika.

Wiki 12 za kwanza

Wiki ya 1 hadi ya 4, nenda mara tatu, dakika 20 hadi 30, zote za mtindo na mwendo mwepesi. Lengo pekee ni vipindi 12 kwenye daftari, na ukipata 10 umefaulu. Wiki ya 5 fanya kipimo cha mita 400 na 200, kisha geuza kipindi kimoja kiwe cha bidii, ukianza na mita 100 mara nne. Wiki ya 7 refusha kile cha mwisho wa wiki hadi dakika 40. Wiki ya 8 punguza. Wiki ya 9 hadi ya 11 fuata vipindi vitatu nilivyovieleza, kwa mita zinazolingana na uwezo wako. Wiki ya 12 punguza tena, na siku yake ya mwisho rudia kipimo katika bwawa lilelile, saa ileile, na kupasha mwili kulekule. Andika namba mpya chini ya ile ya zamani, pamoja na mikono unayopiga kuvuka bwawa, kisha ndipo uamue kama robo mwaka inayofuata inahitaji mara ya nne, dakika zaidi, au ibaki kama ilivyo.